Magunia Kumi ya Dagaa: Nani Anawajibika Mali Inapoharibika Njiani?

Malalamiko mengi yanayotufikia kutoka Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria huishia kwenye maneno yale yale: "Walituambia huyo mtu hawamjui." Mlaji alilipa, akapewa risiti, akaondoka akiwa na uhakika. Aliporudi kudai mali yake aliambiwa kwamba aliyepokea fedha si mwajiriwa, ni kijana wa stendi tu. Wengi hukata tamaa papo hapo. Hurudi nyumbani wakijilaumu, na hasara yao haiandikwi popote. Somo hili limeandikwa kwanza kwa ajili yao, kwa sababu kisheria jibu hilo halimalizi jambo.

Tutafuata magunia kumi ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, hadi Singida. Safari hii tumeitunga na bei zake ni za mfano, lakini hakuna tukio ndani yake ambalo mkazi wa Mwanza hajawahi kulisikia. Msomaji asiyefanya biashara ya samaki anaweza kuweka mahali pa dagaa televisheni, makochi au injini ya boti. Kanuni zitabaki zile zile.

Safari ilivyokwenda

Mama mmoja mfanyabiashara alifika Mwaloni asubuhi akakutana na dalali. Dalali alifungua gunia moja, akachota dagaa wa juu kwa mkono na kumwonyesha. "Mama, hawa ni dagaa wa chanja, hawajagusa mchanga." Wakakubaliana shilingi 150,000 kwa gunia, magunia kumi. Alilipa kwa simu. Mwenye dagaa hakumwona.

Akakodi guta la kupeleka mzigo hadi kwenye gari la kwenda stendi ya Nyegezi. Njiani guta lilimgonga mama muuza uji aliyekuwa ameketi kando ya barabara. Sufuria ikapinduka, uji wa moto ukamuunguza mguu.

Stendi, ndani ya ofisi ya kampuni ya mabasi, kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya kampuni alipokea mzigo, akaandika risiti kutoka kwenye kitabu chenye jina la kampuni, na kuomba nauli ya mzigo itumwe kwenye namba yake mwenyewe kwa kuwa "mtandao wa ofisi unasumbua". Nyuma ya risiti kulikuwa na maandishi madogo: mizigo husafirishwa kwa hatari ya mwenye mali.

Singida yalifika magunia manane. Matatu yalikuwa yamelowa na kuanza kunuka. Matano yalikuwa makavu, lakini yalipofunguliwa, chini yalikuwa na mchanga. Mama alipopiga simu kwa kampuni, jibu likawa lile tulilolitaja mwanzo.

Mlaji aliyechoka huliona tukio hili kama balaa moja. Ukilitazama kisheria, ndani yake kuna madai manne tofauti, yenye wadaiwa tofauti, na kosa la kwanza linalofanywa na walalamikaji wengi ni kumbebesha mtu mmoja yote. Kampuni ya mabasi haihusiki na mchanga. Dalali hahusiki na maji. Ukiyachanganya, kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole nawe utabaki katikati.

Ahadi ya muuzaji

Watu wengi hudhani mkataba ni karatasi yenye mhuri wa mwanasheria. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hakisemi hivyo. Makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo au badilishano halali na kwa lengo halali. Isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inataka maandishi, kama ilivyo katika uhamishaji wa ardhi, neno la mdomo sokoni linatosha. Ugumu wa mkataba wa mdomo uko kwenye kuuthibitisha, na huo ni ugumu mwingine kabisa.

Kwa dagaa wetu, maneno mawili ya dalali yana uzito. Aliposema "wa chanja" alitoa maelezo ya bidhaa, na kila mtu wa mwambao anajua tofauti ya bei kati ya dagaa waliokaushwa juu ya chanja na walioanikwa mchangani. Alipochota wa juu na kuwaonyesha, aliuza kwa sampuli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka mzigo wote ulingane na maelezo, ulingane na sampuli, mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kulinganisha, na usiwe na kasoro iliyofichika ambayo ukaguzi wa kawaida wa sampuli usingeweza kuionyesha. Mchanga ulio chini ya gunia lililoshonwa ni kasoro ya aina hiyo hasa.

Hapa ndipo linapokuja bango linaloning'inia katika maduka mengi ya mjini: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Bango hilo lina mahali pake. Ukinunua shati la bluu kisha ukatamani jekundu, mwenye duka halazimiki kukubadilishia. Lakini bango haliwezi kugeuza mchanga kuwa dagaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Sura ya 285, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora au aina ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia katazo hilo.

Mnunuzi naye ana wajibu wa kuwahi. Anapogundua kasoro amjulishe muuzaji siku hiyo hiyo, kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Akinyamaza, akauza dagaa wote kisha akalalamika baada ya mwezi, atahesabika kuwa ameipokea mali. Hataweza tena kuikataa, ingawa anaweza kudai fidia ya upungufu wa thamani. Ushauri wetu ni achekeche gunia moja mbele ya mashahidi wawili, apime mchanga kwa mzani, apige picha, na asiyaguse magunia mengine mpaka muuzaji ajibu au muda wa kutosha upite. Kama tatizo ni mzani uliochezewa, au gunia lililojazwa kwa lumbesa, mlango wa kubisha ni Wakala wa Vipimo.

Mtu wa kati

Tunafika sasa kwenye kiini cha somo. Biashara ya mwambao huenda kwa watu wa kati: dalali wa Mwaloni, konda wa daladala, mpiga debe wa Nyegezi, wakala wa fedha za simu, nahodha wa mtumbwi anayepokea nauli kwa niaba ya tajiri wake. Ni nadra mlaji kumwona mwenye mali uso kwa uso. Kama kila mwenye mali angeweza kuruka wajibu kwa kusema "simjui", biashara yote hii ingesimama.

Sheria ya Mikataba inamtambua wakala kuwa mtu aliyewekwa kutenda kwa niaba ya mwingine, au kumwakilisha mwingine katika shughuli zake na watu wa nje. Haihitajiki barua ya ajira. Haihitajiki hata mshahara. Mamlaka ya wakala yanaweza kutolewa kwa maneno, kwa maandishi, au kueleweka kutokana na mazingira na mwenendo wa biashara. Kwa hiyo swali la "je, ni mwajiriwa wenu?" ni swali dogo. Swali kubwa ni je, mwenye biashara alimruhusu, au aliufanya umma uamini kwamba amemruhusu?

Mtazame tena yule kijana wa stendi. Fulana yenye nembo aliipata wapi? Kitabu cha risiti alipewa na nani? Nani alimwachia kiti ndani ya ofisi, mbele ya wafanyakazi wengine ambao hawakusema neno? Kampuni iliyomwacha mtu akae hivyo imemwonyesha kwa umma kuwa ni mtu wake. Mlaji aliyeamini kwa nia njema analindwa, hata kama ndani ya kampuni kuna karatasi inayosema kijana huyo aliachishwa kazi mwezi uliopita. Mlaji hakuonyeshwa karatasi hiyo.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. Mzigo ulipakiwa kwenye basi la kampuni ukasafirishwa. Ikiwa kampuni ilijua na ikakubali kazi hiyo, imeidhinisha tendo la kijana baada ya kufanyika. Na uidhinishaji haukatwi vipande: huwezi kukubali nauli na kukataa wajibu wa kufikisha mzigo, kwa kuwa vyote viwili vilitoka kwenye muamala mmoja.

Hatusemi kwamba mlaji hushinda daima. Tubadilishe picha kidogo: kijana hana fulana, amesimama getini, hana kitabu, ameandika jina la kampuni kwenye kipande cha boksi, na fedha zimekwenda kwenye namba yake. Hapo ni nini ambacho kampuni ilifanya ili uamini? Pengine hakuna. Utabaki kumdai kijana mwenyewe, na kijana wa getini si mtu rahisi kumpata kesho. Ndiyo maana katika mfano wetu ile namba ya mtu binafsi inatusumbua. Haifuti madai ya mama, kwa kuwa ana risiti ya kampuni mkononi, lakini inampa mpinzani wake la kusema. Ukiombwa kulipa kwenye namba ambayo jina linalojitokeza si la biashara, simama. Omba Lipa Namba ya ofisi, au lipa dirishani. Mtandao ukisumbua, subiri. Dakika kumi za kungoja hazina gharama ukilinganisha na miezi ya kudai.

Na dalali je? Yeye pia ni mtu wa kati, ila wa mwenye dagaa. Kanuni ya kawaida ni kwamba wakala aliyekutajia mwenye mali hafungwi binafsi na mkataba alioufanya kwa niaba yake. Utamdai mwenye mali. Lakini wakala asiyekutajia jina la anayemuuzia huchukuliwa kuwa amejifunga mwenyewe, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo uliza mapema, kwa heshima: "Kaka, mali hii ni ya nani?" Akikujibu, andika jina na namba ya simu mbele yake. Akikataa, mwambie kwamba utamtambua yeye kuwa ndiye muuzaji, na liandike hilo pia katika ujumbe mfupi utakaomtumia. Tumeona madalali wakilikumbuka jina la mwenye mali kwa haraka ya ajabu baada ya kuambiwa hivyo.

Mali iliyo mikononi mwa mwingine

Anayepokea mali yako ili aisafirishe, aitengeneze au aitunze, kisha akurudishie au aifikishe unakotaka, amepokea amana. Ni hivyo kwa kampuni ya basi, kwa fundi simu wa Makoroboi na kwa dobi. Sheria ya Mikataba inamtaka aitunze kwa uangalifu ambao mtu wa kawaida mwenye busara angetumia kwa mali yake mwenyewe ya aina, wingi na thamani hiyo. Hatarajiwi kushindana na radi. Anatarajiwa kufunga buti, kufunika mzigo kwa turubai wakati wa masika, na kuhesabu magunia kabla ya kuondoka.

Faida kubwa ya kanuni hii kwa mlaji ni katika ushahidi. Mama hawezi kujua kilichotokea ndani ya buti la basi usiku. Akithibitisha kwamba alikabidhi magunia kumi makavu na yakafika manane, matatu yakiwa yamelowa, ni msafirishaji anayepaswa kueleza alichofanya kuyatunza. Kwa sababu hiyo picha ya mzigo wakati wa kukabidhi, ikionyesha idadi na hali yake, ina thamani kuliko picha kumi za mzigo ulioharibika.

Vipi kuhusu yale maandishi ya nyuma ya risiti? Mahakama huuliza mambo mawili. La kwanza, je, mlaji alionyeshwa sharti hilo kabla au wakati wa kukubaliana, au aliligundua baada ya kulipa? Sharti linaloletwa baada ya makubaliano kukamilika limechelewa. La pili, je, maneno yenyewe yanafunika uzembe wa msafirishaji, au ajali zisizoepukika tu? Maneno yenye utata hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika. Usikubali kuambiwa na karani kwamba "imeandikwa nyuma" ndiyo mwisho wa mazungumzo.

Mama wa uji

Yule mama aliyeungua mguu hakununua kitu kwa mtu yeyote. Hana mkataba na mwenye guta, wala na mwenye dagaa. Je, aende tu nyumbani na kidonda chake?

Hapa inaingia sheria ya madhara. Sehemu kubwa ya sheria hii haimo katika kitabu kimoja kilichotungwa na Bunge. Imetokana na sheria ya kawaida ya Uingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, ambayo nchi yetu iliipokea kwa kiwango ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na ambayo mahakama zetu zimeendelea kuijenga. Hukumu moja maarufu ya huko ilianzia kwenye chupa. Agosti 1928, katika mji wa Paisley, Scotland, May Donoghue alikunywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake. Alidai kwamba ndani ya chupa, isiyoonyesha kilichomo, mlikuwa na mabaki ya konokono na kwamba aliugua. Kwa kuwa hakununua yeye, hakuwa na mkataba wa kumshika mtu. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwa wingi wa kura kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji wa mwisho, awe amelipa au hakulipa. Jaji Atkin alieleza kwamba tunawiwa uangalifu na wale ambao tunapaswa kujua kuwa matendo yetu yanaweza kuwagusa.

Mdai wa madhara huthibitisha mambo matatu: mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, aliuvunja, na uvunjaji huo ndio uliomletea madhara. Msukuma guta anayeshuka mteremko wa Kirumba kati ya watu anajua nani wako mbele yake. Jambo la kwanza si gumu. Ugumu uko kwenye la pili na la tatu, na huko ndiko mashahidi wa papo hapo na karatasi za hospitali hufanya kazi.

Inawezekana pia kwamba mama wa uji aliweka jiko lake mahali pa hatari. Hilo halimnyimi fidia yote. Mahakama inaweza kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wake.

Swali linalomgusa msomaji zaidi ni hili: je, mama wa dagaa, aliyekodi guta, atawajibika? Kwa kawaida hapana. Msukuma guta ni mtu anayejitegemea. Chombo ni chake, wateja ni wengi, njia anachagua yeye. Lakini kama guta ni la mfanyabiashara anayemlipa kijana kwa siku na kumtuma na mizigo, mfanyabiashara huyo hujibu kwa uzembe uliofanywa katika kazi aliyomtuma. Kwa bodaboda jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa kuna wanaolipa hesabu kwa tajiri kila siku na wengine wako kwenye "mkataba", ambapo pikipiki itakuwa yao baada ya muda. Mahakama itachunguza nani anamiliki, nani anafaidika na nani ana udhibiti. Kwa vyombo vya moto usisahau bima: Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha angalau ile tunayoiita bima ndogo, na hiyo ipo kwa ajili ya mtu wa nje anayejeruhiwa. Chukua namba ya usajili wa chombo kabla hakijaondoka.

Watu wa mwambao huu wana desturi ya kusema baada ya ajali kwamba ni kazi ya Mungu. Tunaiheshimu imani hiyo, nasi tunaishi nayo. Lakini meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika kila ajali walikufa mamia ya watu, na katika zote mbili chombo kilikuwa kimezidisha uzito. Idadi ya abiria ni jambo ambalo mtu aliliamua. Abiria anayekataa kupanda chombo kilichojaa, na anayetoa taarifa kwa TASAC kabla hakijang'oa nanga, yuko ndani ya haki yake.

Kuhesabu hasara

Dai lisilo na hesabu hudharauliwa. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana na uvunjaji katika mwenendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kukubaliana, kwamba inaweza kutokea. Hakitoi fidia ya hasara ya mbali.

Tuseme bei ya jumla Singida ilikuwa shilingi 180,000 kwa gunia. Magunia mawili yaliyopotea ni shilingi 360,000. Yale matatu yaliyolowa mama aliyaanika upya, akayauza kwa watengeneza chakula cha kuku kwa shilingi 70,000 kila moja. Upungufu ni shilingi 110,000 mara tatu, yaani 330,000. Jumla dhidi ya kampuni ya mabasi ni shilingi 690,000. Nauli ya mzigo haiongezwi, maana bei ya Singida tayari imeibeba ndani yake. Angeidai tena angelipwa mara mbili. Na alifanya vema kuyauza yaliyolowa. Angeyaacha yaoze ili hasara ionekane kubwa, mahakama ingeuliza kwa nini hakupunguza hasara aliyokuwa na uwezo wa kuipunguza.

Tuseme tena kwamba alikuwa ameahidi kupeleka dagaa shuleni Jumamosi, na kwa kuchelewa akapoteza zabuni. Je, atalipwa? Ikiwa hakumwambia msafirishaji, ni vigumu. Ikiwa aliliandika kwenye risiti wakati wa kukabidhi, "mzigo wa zabuni ya shule, ufike kabla ya Jumamosi", msafirishaji alilipokea akijua. Mstari huo mmoja huandikwa kwa nusu dakika.

Barua, na pa kuipeleka

Kabla ya kwenda popote, andika barua ya madai. Isiwe ya matusi wala ya kubembeleza. Inaweza kusomeka hivi:

"Kwa Meneja. YAH: MADAI YA SHILINGI 690,000. Tarehe (itajwe) nilikabidhi magunia kumi ya dagaa makavu katika ofisi yenu ya Nyegezi, na kupewa risiti namba (itajwe) kutoka kitabu cha kampuni yenu. Magunia mawili hayakufika Singida, na matatu yalifika yamelowa. Aliyepokea mzigo alikuwa ndani ya ofisi yenu akiwa na sare na kitabu chenu, hivyo nilishughulika naye kama mwakilishi wenu. Hesabu ya hasara, picha na nakala ya risiti nimeambatisha. Naomba mnilipe ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Nisipolipwa nitapeleka suala hili kwenye mamlaka husika na mahakamani."

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga mhuri, ipige picha na uitume kwa simu pia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, ilimradi ziweze kuaminika. Kwa hiyo usifute mazungumzo, na usibadilishe simu bila kuyahifadhi.

Wasipojibu, malalamiko ya mabasi na daladala hupelekwa LATRA, ya vyombo vya majini TASAC, ya upotoshaji wa bidhaa Tume ya Ushindani, ya umeme, maji na mafuta EWURA, ya mawasiliano TCRA. Madai ya deni la mkataba, yasiyozidi kiwango kilichowekwa, hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mlaji anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Madai ya madhara, kama ya mama wa uji, kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Polisi huenda kwao ukiibiwa au kutapeliwa. Hawakuwekwa kukusanya madeni, na tumeona walalamikaji wakipoteza miezi kwenye kaunta ya kituo wakidai jambo ambalo ni la mkataba tu.

Muda unahesabika. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka sita, na ya madhara ndani ya miaka mitatu. Anayemdai Serikali au halmashauri hutanguliza notisi ya siku 90.

Mara nyingi, baada ya barua, kampuni hupiga simu. Huenda ikampa mama shilingi 400,000 taslimu na karatasi ya kusaini iliyoandikwa "sina madai zaidi". Karatasi hiyo ni mkataba mpya, na akiisaini zile 290,000 zimekwenda. Kuikubali si kosa. Fedha ya leo ina thamani yake kwa mtu mwenye mtaji mdogo, naye ndiye anayejua shida zake. Lakini akitaka kuipokea kama sehemu ya deni, asiisaini karatasi hiyo. Aandike ya kwake: "Nimepokea shilingi 400,000 ikiwa ni sehemu ya madai yangu ya shilingi 690,000," aweke tarehe, wote wawili wasaini, na kila mmoja abaki na nakala.